Pesa ipeleke masikioni, kijiboksi kitasubiri

Mume wangu hulala saa nne. Mimi saa nne ndiyo kwanza naanza: watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, jirani kazima redio yake. Usiku mmoja, nikiwa na hedifoni mpya nilizonunua zamu yangu ya mchezo ilipofika, nikahisi naguswa bega. "Mke wangu," akasema bila hata kufumbua macho, "hilo gitaa nalisikia mpaka huku."

Hakuwa ananitania. Nilikuwa nimenunua hedifoni za mgongo wazi, zile ambazo nyuma ya kila sikio pana wavu badala ya plastiki, na wavu ule hupitisha sauti kwenda nje kama unavyopitisha kelele za nje kuja ndani. Mwezi mzima kabla ya kununua nilikuwa nasoma. Omu zake (kipimo cha jinsi zinavyokinza umeme) nazijua, kiwanda chake nakijua, hata kijiboksi cha kuzichomekea nilishakichagua. Chumba ambacho ningekaa nikisikiliza, na mtu ninayelala naye humo, sikuvifikiria hata mara moja.

Kila nikimwona mtu anauliza anunue nini ili asikie muziki vizuri nyumbani, majibu mengi yanakimbilia kwenye kigeuzi, kile kijiboksi ambacho wauzaji hukiita DAC. Kazi yake ni kugeuza namba zilizomo kwenye faili ziwe umeme wa kutikisa spika. Ni kazi muhimu, bila hiyo husikii kitu. Lakini ni kazi ambayo siku hizi hata vifaa vya bei ya chini vinaifanya vizuri, wakati hedifoni za bei ya chini bado zinatofautiana kama mchana na usiku. Anayegawa bajeti yake nusu kwa nusu, nusu hedifoni na nusu kijiboksi, kwa maoni yangu kapoteza karibu nusu nzima.

Kwanza tulitoe njiani neno "studio", maana ndilo linalotuponza. Muuzaji wa Kariakoo akikuambia, "Dada, hizi ndizo wanazotumia studio," unachosikia wewe ni kwamba hizi ndizo bora. Kumbe anakutajia kazi yake tu. Chukua Sony MDR-7506, zenye mstari wa buluu, zilizotoka mwaka 1991 na hadi leo utazikuta redioni na kwa watu wa kamera. Zimefunikwa nyuma ili sauti isivuje ikaingia kwenye maiki ya mwimbaji, na ni mbea kweli kweli: mtangazaji akilamba midomo utasikia, kiti kikilia utasikia, waya mbovu utausikia. Mtu wa kazi anazitaka ziwe mbea hivyo, kwa kuwa analipwa kutafuta makosa. Wewe uliyetoka kazini umechoka, sina hakika kama unataka mbea masikioni kwa saa tatu. Waya wake nao umejiviringa kama wa simu ya mezani ya zamani, na unavuta shingo.

Beyerdynamic wa Heilbronn, Ujerumani, wana ndugu wawili wanaopendwa sana: DT 770 Pro iliyofunikwa na DT 990 Pro iliyo wazi. Zote mbili zimetiwa ukali huku juu. Mimi ni mtu wa taarab, na safu ya fidla ikipanda kwa pamoja ndani ya DT 990 nasikia kama nachomwa sindano. Sennheiser HD 600, ya tangu 1997, ni mpole zaidi. Sauti ya mwimbaji inakaa mahali pake kama mtu aliye mbele yako anaongea. Besi za chini kabisa ndizo inazozionea haya. Kwa dansi la zamani haina neno, maana uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na hapo HD 600 inajikongoja lakini inafika. Weka singeli au amapiano, utadhani kuna mtu kaja akaondoka na spika ya chini.

Sasa rudi kwenye chumba. Dar es Salaam mwezi wa pili hulali bila pangaboi, na ukivaa hedifoni za wazi chini ya pangaboi unasikiliza muziki na pangaboi. Mvua ikipiga mabati, funga duka. Ukikaa sehemu yenye kelele utaongeza sauti ili uishinde kelele, na hapo ndipo masikio yanapoumia bila wewe kujua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa zinashuka hadi 4. Hedifoni zilizofunikwa zinakuruhusu kusikiliza kwa sauti ndogo. Hilo kwangu lina uzito kuliko habari za upana wa jukwaa, yaani muziki kusikika umetandaa nje ya kichwa, na hewa kati ya ala moja na nyingine, ambazo wapenzi wa hedifoni za wazi hatuachi kuzisimulia. (Ndiyo, bado ninazo. Nazivaa Jumapili mchana wakiwa wametoka.)

Kisha joto. Hili sijaona wazungu wakiliandika, kwa sababu haliwahusu. Sponji zilizovalishwa ngozi ya bandia, kwa jasho na unyevu wa pwani, huanza kupukutika. Za kwangu za kwanza zilianza kuniachia vipande vyeusi masikioni kabla hazijatimiza mwaka, nikawa naingia ofisini nafanana na mtu aliyetoka kusafisha sufuria la mkaa. Sponji za kitambaa chenye manyoya, kama zile za kijivu za DT 770, hazitoi jasho vile na zinavumilia. Ila uliza kwanza kama sponji za akiba zinapatikana, maana hata hizo zitabonyea siku moja, na sponji ikibonyea sauti yenyewe hubadilika. Waya nao uangalie. Wa HD 600 unachomoka, unanunua mwingine. Wa Audio-Technica ATH-M50x unachomoka pia, lakini pini yake ni ya milimita 2.5 yenye kifungo chake maalumu, hivyo usitegemee kuupata kwenye meza ya earphone pale kona. Wa DT 770 Pro hauchomoki hata kidogo. Wangu ulipokatikia shingoni, fundi wa simu aliufungua, akakata kipande kibovu, akalehemu upya kwa dakika ishirini huku akijibu wateja wengine. Hedifoni za studio zina sifa hii moja ninayoipenda kwa dhati: zimetengenezwa zifunguliwe.

Kuhusu feki sina budi kusema, maana nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Boksi zuri, kitabu cha maelezo ndani, hata karatasi ya dhamana. Kilichozichongea ni muziki wa zamani. Rekodi nyingi za bendi zilizofanywa Radio Tanzania miaka ya sabini ni za mono, yaani kushoto na kulia kunatoka kitu kilekile. Ukizisikiliza kwa hedifoni nzima, mwimbaji anasimama katikati kabisa, kama yuko nyuma ya paji la uso wako. Kwa zile zangu mwimbaji alikuwa kaegemea sikio la kushoto, na kila akipanda juu anahamia kulia. Maana yake vispika viwili havikufanana. Kisha nikaweka rekodi ya stirio ninayoijua, ambayo gitaa la solo liko kulia, likatokea kushoto: hata waya walizichanganya. Tangu siku hiyo siingii dukani bila rekodi ya mono kwenye simu. Nazivaa, nafumba macho, nangoja nione mwimbaji amesimama wapi. Muuzaji akikataa nijaribu, namshukuru naondoka.

Haya, kijiboksi. Nilikinunua, tena kikubwa, cha chuma, chenye taa za namba mbele. Wiki ya kwanza niliapa kwamba sauti imefunguka. Rafiki yangu mmoja prodyuza akacheka, akaja nyumbani na mita ya umeme na waya mbili. Kazi ya kwanza aliyofanya ni kulinganisha sauti: alipiga mlio mmoja usiobadilika, akapima volti za kijiboksi changu na za adapta ndogo ya simu, kile kipande cha waya cha kuchomekea hedifoni ambacho nacho kina kigeuzi chake ndani, akazisawazisha. "Dada," akasema, "chenye sauti kubwa kidogo tu siku zote utasema ndicho kizuri." Kisha akaniambia nigeukie ukutani. Mara ishirini alibadilisha, au alijifanya kubadilisha, na mimi nikataja kipi ni kipi. Nilipatia 11. Anayerusha sarafu angepata kumi hivi.

Nilijifariji kwamba ni masikio yangu, mpaka nikakutana na kazi ya Brad Meyer na David Moran iliyochapishwa mwaka 2007 kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti. Wao walichukua diski za ubora wa juu kuliko CD, wakapitisha sauti yake kwenye mtambo unaoishusha hadi kiwango cha CD, biti 16 na sampuli (yaani vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, wakawauliza wasikilizaji ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Wasikilizaji wale walikuwemo watu wa studio na wapenzi wa sauti wenye mitambo ya gharama. Tofauti ilijitokeza pale tu sauti ilipopandishwa mno, kiasi kwamba mvumo wa chinichini ulisikika sehemu zenye ukimya. Na hesabu yenyewe inaelewana na jambo hilo: sampuli 44,100 zinabeba mitetemo hadi 22,050 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana linakomea kama 20,000, na la kwangu mimi lilishaaga huko zamani.

Wimbo ambao mtu kaurekodi kutoka kaseti, akaubana, mwingine akaupakua akaubana tena, kisha shangazi akautuma WhatsApp, umeshakatwa mikono na miguu kabla haujafika kwenye kigeuzi chochote. Sikiliza matoazi ya wimbo wa namna hiyo: badala ya kulia, yanatiririka kama maji ya bomba. Hakuna kijiboksi cha kuyarudisha. Tafuta nakala bora. Na wewe wa hedifoni zisizo na waya, kigeuzi chako kimo humo humo ndani ya hedifoni. Kijiboksi cha mezani hakikuhusu kabisa.

Nakiri kuna wakati kijiboksi kinahitajika. Kama tundu la laptopu yako linavuma au linakwaruza kila ukisogeza kipanya, toa kazi hiyo nje ya laptopu. Na kama hedifoni zako zina omu nyingi, unaweza kukosa nguvu. Adapta ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, hutoa volti 1 hivi, na toleo lake la Ulaya hutoa nusu ya hapo. Kwa HD 600 yenye omu 300, volti 1 inakufikisha kwenye desibeli 100 na ushee kwenye vilele, inatosha mtu mwenye akili zake. Nusu volti, kwa rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ya chini, utatamani zaidi. Kwenye simu nyingi za Android adapta hiyo hubaki na sauti ndogo hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa hiyo ijaribu kwanza. Anayetaka kuepuka hesabu hizi anunue hedifoni za omu chache. DT 770 Pro ipo ya omu 80, huna haja ya kuhangaika na ya 250.

Pesa iliyobaki usiitafutie kijiboksi kingine. Equalizer APO, programu ya Windows ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, ni ya bure, na kwa desibeli chache tu inatuliza ule ukali wa DT 990 unaonichoma. Badiliko hilo nalisikia nikiwa nimegeukia ukutani, mara ishirini kwa ishirini.

Kijiboksi changu kikubwa kilikuwa na kisa kingine. Kina chaja yake ya ukutani, laptopu nayo ina yake, na vyote viwili vikiwa kwenye umeme nilisikia mvumo kama wa nyuki ndani ya chupa. Nilibadilisha waya ya USB mara mbili, ya pili ya bei mbaya. Kumbe umeme ulikuwa unazunguka kati ya mashine mbili kupitia waya huohuo, na nyumba nyingi tulizopanga soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna ethi. Adapta ya simu, isiyo na chaja ya kwake, ilikuwa kimya.

Kijiboksi nikamuuzia yule prodyuza kwa bei ya kutupa, yeye ana spika za kukichomekea. Wiki iliyopita kanipigia simu: "Dada, mbona hiki kitu kinavuma?" Nikamwambia achomoe chaja ya laptopu.