Pagale linaliwa na chumvi, mpangaji analipa miezi sita

Wenye mapagale wa Mtwara, nataka muwaachie wasio na nyumba wayaezeke na kuishi humo kwa maandishi, na somo nimelikuta Ulaya. Ubao wa zamu ukutani, hapo ndipo pa kuanzia. Huku Amsterdam, barabara ya Overtoom namba 301, kuna jengo lililokuwa chuo cha filamu. Lilibaki tupu, watu wakaingia mwaka 1999 bila kumwomba mtu ruhusa, na mwaka 2006 wakalinunua. Leo lina makazi, ukumbi wa muziki, na jiko liitwalo De Peper linalopika chakula kisicho na nyama wala maziwa. Nyumba za namna hii hazikosi ubao: nani anapika Alhamisi, nani anaosha sufuria, nani anatoa taka. Uani kwa bibi kule Chikongola, Mtwara, ila kwa Kiholanzi.

Najua mtakachosema. "Kaenda Ulaya kujifunza uvamizi, sasa anakuja kutufundisha." Subirini kwanza.

Uvamizi wa huku ulikuwa na adabu zake. Kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uholanzi ya mwaka 1971, mtu akishaishi ndani, mle ni maskani yake, na mwenye jengo hawezi kumtoa kwa mabavu bali aende mahakamani. Ndiyo maana wavamizi walikuwa wakiingia na kitanda, meza na kiti, kisha wenyewe wanawaita polisi waje kuviona. Tarehe 1 Oktoba 2010 mambo hayo yakafanywa jinai moja kwa moja. Kwa maoni yangu walikosea, maana nyumba tupu bado zipo na wasio na nyumba bado wapo.

Wanaowaita wahuni wangeshika spana siku moja tu. Jengo likikaa baridi nzima bila moto, maji huganda ndani ya bomba, hutanuka na kulipasua, na hutajua mpaka barafu iyeyuke na dari likudondokee. Kwa hiyo unafunga koki kuu, unamwaga maji yote, halafu unafungulia tawi moja moja huku kila chumba kina mtu wa kusikiliza. Sinki lisilotumika hukauka kwenye kiwiko chake na harufu ya mtaro hupanda ndani. Dawa yake ni ndoo moja ya maji. Umeme ndio ugomvi. Laini ya ampea 16 kwa volti 230 inabeba wati 3,680, basi hita mbili za wati 2,000 zikiwashwa pamoja zinaizidi, na giza linaweza kuingia. Ni kesi ileile ya Luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, vyumba sita na mmoja ana jagi la umeme.

Na vikao! Kila wiki, na uamuzi ni mpaka wote wakubali, hivyo sabuni ya vyombo inaweza kula saa tatu. Mgeni wa siku tatu anafikisha miezi mitatu. Kibaya kuliko vyote ni mtu mmoja kushika funguo na kopo la michango kwa pamoja: polepole anageuka mwenye nyumba. Nyumba zinazodumu hutenganisha vitu hivyo viwili na kubadilisha washikaji.

Sasa njooni Mtwara. Kuanzia Shangani hadi Chuno, tangu zile ndoto za utajiri wa gesi asilia, mapagale yamesimama kuta tupu. Mbuzi ndani, mbarika umeota sebuleni, mwenyewe yuko Dar. Hapohapo mtoto wa chuo anaombwa kodi ya miezi sita na dalali anadai mwezi wake. Pagale halimsubiri mtu. Bila paa, mvua inaingia kwa juu kwenye matundu ya tofali, upepo wa bahari unaleta chumvi, nondo za lenta zinaota kutu, kutu inavimba na zege linapasuka. Mji mkongwe wa Mikindani ndio huzuni yenyewe. Zile nyumba za matumbawe zikishapoteza boriti, mvua inaosha chokaa kutoka kati ya mawe, na anayekuja kuziba kwa saruji anazimaliza: saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta.

Mnaogopa nini? Miaka 12. Kila mwenye pagale ameisikia Sheria ya Ukomo, inayoweka miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, na anaamini akimwachia mtu aishi, kiwanja kimekwenda. Sivyo. Aliyeingia kwa ruhusa yako ni mwalikwa, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mwalikwa hawezi kudai umiliki kwa kukaa muda mrefu. Wa kuogopwa ni yule anayelima bustani ndani bila karatasi na wewe umenyamaza. Andikeni, basi. Watu sita, majina yao, mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Wanaezeka, wanaweka milango na choo, wanaishi miaka mnayokubaliana, gharama zinakatwa kwenye kodi. Risiti za bati na misumari zibaki nakala mbili, maana kesi zitaanzia hapo. Sebule iwe ya mtaa: watoto wasome jioni, kina mama wafanyie kikoba.

"Si useme tu kupangisha?" Hapana. Mpangaji hagusi paa la mtu. Na msiniambie Waswahili hatuwezi kukaa pamoja. Sisi tuliozaliwa nyumba ya ukumbi wa katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo kimoja, leo tushindwe na Waholanzi wanaoifanyia sabuni kikao? Kinachonichosha ni kwamba kukaa tunajua, ila kuandikishana tunaona ni kutoaminiana.

Mkipata wa kukubali, ezekeni kabla ya Desemba. Bati geji 28 yenye rangi, si 30 iliyo nyembamba zaidi. Pale Shangani, kwa chumvi ya bahari, geji 30 inaweza kutoboka kabla mkataba haujaisha, na lawama zitawaangukia waliomo ndani.