Miaka imekwisha, jina bado lipo

Ukipata kazi kwenye nyumba ya wazee Minnesota au Texas, kabla hujaanza zamu ya kwanza kuna mtu ofisini atakayeandika jina lako la ukoo kwenye ukurasa wa serikali, kisha jina lako la kwanza, halafu abonyeze kutafuta. Waajiri wengi hurudia zoezi hilo kila mwezi. Anachopekua ni orodha ya waliofungiwa kulipwa na mipango ya afya ya serikali, inayotunzwa na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu iliyo chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani. Jina likifanana, ataingiza namba ya utambulisho ya Social Security kuhakikisha kwamba Hassan Juma huyu si yule. Kwa sisi wenye majina yanayobebwa na nusu ya mtaa, hatua hiyo ya mwisho ni nusura.

Wauguzi na walezi wetu walioko kule wanaiogopa orodha hiyo, na wana haki. Daktari yumo, mfamasia yumo, msaidizi anayebadilisha shuka naye yumo. Kinachozungumzwa kidogo ni namna jina linavyotoka, na hapo ndipo penye mabishano.

Kwanza tuelewane kuhusu kufungiwa. Hakumaanishi kunyang'anywa leseni, kwa kuwa leseni ni mali ya jimbo. Kufungiwa ni serikali ya Washington kusema: fedha zetu hazitalipia chochote unachotoa, unachoagiza wala unachoandika. Fedha hizo ni za Medicare, ambayo ni ya wazee wa miaka 65 na kuendelea pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Za Medicaid ya watu wa kipato cha chini. Na za mipango mingine kama ile ya wanajeshi. Bibi akienda dirishani kwenye duka la dawa na karatasi iliyosainiwa na daktari aliyefungiwa, Medicare haitoi senti, hata kama dawa ni ya presha tu na imeandikwa sawasawa. Hospitali ikimwajiri daktari huyo, hata kwa kazi ya mezani inayolipwa kwa fedha hizo, inaweza kupigwa faini ya maelfu ya dola.

Tangu 1977 sheria inailazimisha wizara kumfungia daktari aliyetiwa hatiani kwa makosa yanayohusu mipango hii. Baadaye yakaongezwa mengine: kumdhulumu mgonjwa, jinai kubwa ya ulaghai katika huduma za afya, jinai kubwa ya dawa za kulevya. Makosa hayo kiwango chake cha chini ni miaka 5. Ukirudia, 10. Mara ya tatu, maisha. Yapo pia makosa ambayo wizara ina hiari ya kufungia au kuacha, likiwemo la kupoteza leseni.

Sasa tuseme miaka 5 imepita. Mtu aliyemaliza kifungo gerezani hufunguliwa mlango siku ikifika. Daktari huyu hafunguliwi na mtu. Asipoomba, atabaki orodhani hata miaka 20. Anaruhusiwa kuandika barua siku 90 kabla ya muda kwisha, na akiwahi zaidi ya hapo ombi halishughulikiwi. Atatumiwa fomu, azijaze, asaini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia sahihi, azirudishe, asubiri. Ofisi yenyewe inasema kazi hiyo inaweza kuchukua hadi siku 120, au zaidi. Ofisi ikielekea kumkatalia, ana siku 30 za kupeleka vielelezo na hoja zake kwa maandishi. Ikishakataa kabisa, hana pa kukata rufaa, si kwa hakimu wa wizara wala mahakamani. Angoje mwaka mmoja, aombe tena.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito, nami siwezi kuipita juujuu. Mwaka 2015 daktari wa saratani wa Michigan, Farid Fata, alihukumiwa miaka 45 jela baada ya kukiri makosa kadhaa, yakiwemo ya kuwapa dawa za kemo watu ambao hawakuwa na saratani. Waendesha mashtaka walihesabu wagonjwa 553 walioathirika, na bili nyingi zilikwenda Medicare. Baada ya mambo kama hayo, nani atataka mlango ujifungue wenyewe kwa kuwa kalenda imegeuka? Kanuni zinamtaka mwombaji aonyeshe kwamba yaliyomfungia hayajajirudia na hayatajirudia. Ofisi inaangalia mwenendo wake tangu alipopewa taarifa, kama amelipa madeni na faini za serikali, na hasa kama katika kipindi chote cha kufungiwa alijipenyeza kudai malipo kwa mlango wa nyuma, kwa mfano kupitia kliniki ya mwenzake. Haya hayajulikani mpaka mtu ayafungulie faili ayatazame. Kwa hiyo kwamba kurejea si kwa moja kwa moja, hilo nakubaliana nalo.

Ninaposita ni pale mahakama inapowekwa kando. Tazama upande wa kuingia. Mwaka 2007 viongozi watatu wa kampuni ya dawa ya Purdue, mmoja wao daktari, Paul Goldenheim, walikiri kosa dogo la jinai kuhusu namna OxyContin, dawa kali ya maumivu yenye kuleta uraibu, ilivyonadiwa kwa maelezo ya kupotosha. Walikiri kwa nafasi zao za uongozi, bila kukiri kwamba walijua kilichokuwa kikifanyika. Wizara iliwafungia miaka 20, ikashuka hadi 12. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikasema wizara ina mamlaka ya kuwafungia, lakini haijaeleza kwa nini 12 wakati kianzio cha makosa ya aina hiyo ni miaka 3. Ikairudishia wizara ikajieleze upya. Unaweza kuwachukia watu hao, na familia nyingi za Marekani zina sababu, lakini angalau kuna aliyeuliza: mbona 12? Kwenye kutoka hakuna anayeuliza. Daktari aliyekataliwa mara tatu mfululizo kwa sababu isiyoeleweka hana hakimu wa kuonyesha barua zake.

Kulikuwa pia na mtego wa leseni. Aliyefungiwa kwa sababu jimbo fulani lilimnyang'anya leseni alitakiwa, kwa kawaida, airudishe leseni ya jimbo lile lile ndipo aombe. Aliyekwisha kuhamia kwingine, na akapewa leseni na baraza la huko likiijua historia yake yote, alibaki nje kwa ajili ya karatasi asiyoihitaji. Kanuni zilizoanza kutumika 2017 zimelegeza hapo, na sasa anaweza kuomba mapema. Ni ushahidi kwamba utaratibu ukiguswa haubomoki.

Halafu kuna jambo ambalo kila nikilitafakari linanikera. Daktari aliyefungiwa lakini mwenye leseni anaruhusiwa kumtibu anayelipa taslimu. Hakuna sheria ya Washington inayomzuia kumfanyia tajiri upasuaji wa kujirembesha. Kama ni hatari kwa bibi wa Medicare, mbona si hatari kwa huyo? Jibu la wanasheria ni kwamba serikali kuu inalinda mfuko wake na wagonjwa wa mfuko huo, mengine ni ya baraza la jimbo. Kisheria sawa. Ila kwenye wilaya ya mashambani yenye daktari mmoja, wanaobaki bila huduma ni wazee na maskini. Kuna msamaha wa hali hiyo, ambao msimamizi wa mpango wa serikali anaweza kumwombea daktari aliye peke yake katika eneo, lakini daktari mwenyewe hawezi kujiombea, na wizara ikikataa nako hakuna rufaa.

Ningekuwa natunga kanuni, ningeuacha mzigo wa uthibitisho pale pale ulipo, kwa mwombaji, na kumpa aliyekataliwa haki ile ile ya kumwona hakimu aliyokuwa nayo siku alipofungiwa. Watasema kesi zitajaa. Lakini barua ya kufungiwa tayari inakatiwa rufaa ndani ya siku 60, na ofisi haijazama.

Na aliyekubaliwa? Jina lake linafutwa orodhani, lakini namba ya kudai malipo hairudi pamoja na barua. Anajiandikisha upya Medicare, anakwenda kwa jimbo kuhusu Medicaid, ambako anaweza kukuta jimbo lilimfungia kivyake. Yule wa ofisini ataandika jina lake asipate kitu. Kisha hospitali, kama sheria inavyoitaka kabla ya kumpa daktari ruhusa ya kulaza wagonjwa, itauliza benki ya taifa ya taarifa za madaktari, na humo kufungiwa na kurejeshwa vitaonekana vyote viwili, na tarehe zake.