Kariakoo: Baraza limekwenda wapi?

Nyumba ya vyumba sita ikibomolewa Kariakoo, maneno hayaishi. Wengine wanasema mji unafutwa. Wengine wanasema bati lilishaliwa na kutu, acha ghorofa lipande. Mimi nalilia baraza, ile sehemu ya kukaa mbele ya nyumba, lakini siwezi kumlaumu aliyeuza.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliokuwa chini ya jeshi la Uingereza, ambao kambi yao iliwekwa hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Baada ya vita, utawala wa kikoloni ukapafanya makazi ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Watu wakajenga kwa namna waliyoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo, mbele baraza. Chumba cha mbele kikitobolewa mlango wa barabarani, tayari ni duka. Mwenye duka anapima mafuta ya taa huku anasikia sufuria yake ikitokota uani. Mnunuzi akikuta duka tupu anapiga hodi tu, ataitikiwa kutoka ndani.

Barazani ndipo mpangaji Mmanyema alipojuana na Mzaramo na Mnyamwezi, wakasomeana magazeti. TANU yenyewe ilizaliwa Julai 1954 kwenye nyumba ya New Street, Lumumba ya leo, hatua chache tu kutoka hapa. Watu waliozoea kukaa pamoja jioni hawakuwa wageni kwenye mkutano.

Sasa upande wa pili. Nyumba moja, warithi kumi na mmoja, kodi ya vyumba haitoshi hata kuziba bati. Anakuja mwenye mtaji, wanaingia ubia: yeye anajenga, wao wanapata fremu mbili za duka chini na flati juu. Fremu moja inaingiza kuliko vyumba vyote sita, maana wateja wanatoka mpaka Lubumbashi, Lusaka na Komoro. Nani ana haki ya kuwaambia watoto wa marehemu wavumilie kuvuja ili sisi wapita njia tufurahie historia? Wanaotetea nyumba za zamani mara nyingi hawalali ndani yake.

Ila hoja ya biashara haisafishi kila kitu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa kazini. Kiwanja kilichopimwa kwa nyumba ya chini leo kinabeba ghorofa kumi, ukuta kwa ukuta, na uani pamegeuzwa stoo. Moto ukizuka, gari la zimamoto lipite wapi?

Kwa hiyo ghorofa lenyewe silikatai. Ninachokikataa ni ghorofa linaloanzia ukingoni mwa lami, fremu zikaufuata mfereji, mama muuza maandazi akabaki juani katikati ya bodaboda. Kibali cha ujenzi kingeweza kudai ghorofa ya chini irudi nyuma hatua tatu, iwe na kivuli na pa kukaa, hata kama mwenye mtaji atapoteza fremu moja. Na zile nyumba chache zilizobaki na korido yake na baraza lake, manispaa izinunue kwa bei ya soko, warithi walipwe haki yao yote.