Mvua ya Mbeya inasingiziwa

Likitajwa wazo la kujaribu mtandao wa simu wa mawimbi ya milimita (mawimbi ya redio mafupi mno) mjini Mbeya, hoja ya kwanza kulipinga ni mvua: huku kunanyesha tangu Novemba hadi Aprili, mawimbi yatafia angani. Ya pili ni fedha, nayo ina uzito. Masafa ya gigahezi 28 yanadai nguzo kila mita 200 hivi, kila moja na faiba na umeme wa uhakika, ilhali vipo vijiji ambako watu hupanda kilima kutafuta mtandao wa kawaida.

Hiyo ya mvua tuipigie hesabu. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa hupunguza mawimbi hayo kwa desibeli 9 hivi kwa kilomita (desibeli hupima nguvu iliyopotea: 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi, 20 moja ya mia). Kwa mita 200, hazifiki hata 2. Mtu mmoja akikatiza mbele ya simu anaweza kula desibeli 20. Sasa fikiria soko la Mwanjelwa jioni: miavuli ya machinga, bajaji, Fuso linashusha viazi. Adui yuko chini, wala si mawinguni.

Antena 64 za nguzo moja, nane kwa nane, zinaenea kwenye kibao cha sentimita 4 na ushee kila upande, zikikusanya nguvu kwenye mwale wenye upana wa nyuzi 13 hivi. Mwale ukizibwa, mtambo hutafuta njia ya kudunda ukutani. Hapo ndipo vipimo vya New York, ambako masafa haya yalipimwa kati ya maghorofa, vinapotuacha njiani. Kioo cha ghorofa hurudisha wimbi moja kwa moja. Bati la migongo, ambalo mabonde yake yana kina kuzidi wimbi lenyewe la milimita 11, hulitawanya. Linatawanyika kwenda wapi, na kwa nguvu gani? Hilo lipimwe palepale sokoni.

Kwa kipimo hicho, kirushio cha mawimbi kikae juu ya paa, mita 8. Kipokezi mita 1.5, kizungushwe nyuzi 10 kwa 10, siku tulivu na siku ya msongamano. Usahihi wa vifaa uhakikiwe mahali pa wazi asubuhi na jioni, maana baridi ya Julai huvipotosha. Kipima mvua kiandike kila dakika. Wastani wa saa huficha dakika tano za mvua kali. Na antena ikingwe isilowe: utando wa maji juu ya kifuniko chake pekee hula desibeli kadhaa, kisha lawama zote zikaangukia mvua.

Kazi hiyo ni ya jozi moja ya vifaa kwa wiki chache. Mwale ukikosa njia ya pili Mwanjelwa, fedha za nguzo ziende vijijini, kwenye minara ya megahezi 700, masafa ya chini yanayofika mbali.