Mlingoti wa futi 129

Wadau, kuna mlingoti wa bendera hapa Kittery, Maine, Marekani, nimeupita karibu mwaka mzima nikienda kibaruani nikijua ni mambo yao tu na bendera. Siku moja mzee ninayefanya naye kazi akaniambia kisia urefu wake. Nikasema futi mia. Akasema ni 129, kila mtu na futi yake.

Hao ni watu wa nyambizi Thresher, iliundwa hapa hapa kwenye karakana ya jeshi la maji, ikazama tarehe 10 Aprili 1963 wakiwa wanajaribu kwenda nayo chini kabisa. Mabaharia 112 na mafundi raia 17, mpaka leo wako huko, kama mita 2,560. Wanasema huenda bomba liliachia kwenye kiungio, kinu cha nyuklia kikajizima, wakafungulia hewa iingie kwenye matangi wapande juu, ila barafu ikaziba njia ya hewa.

Hiyo hewa ndo ilinikaa kifuani maana mimi ni wa Mwanza. Mei 1996 MV Bukoba ilipopinduka tumbo likabaki juu, watu wamo ndani, waokoaji wakatoboa wawatoe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Sisi tuliokulia kule hiyo stori tumelala nayo.

Haya niambie walikufa wangapi. Utasikia mia tano na kitu, mia nane na kitu, wengine elfu, kwa sababu wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Mlingoti wetu tungeukatia futi ngapi?

Najua mtasema nyambizi ni jeshi, majina yako kwenye karatasi kabla haijang'oa nanga, sawa, hilo nakubali. Lakini miaka 22 baadaye, 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kinapinduka pale Ukara, tunaopoa maiti zaidi ya 220. Yaani idadi ya abiria tuliipata kwa kuhesabu maiti jamani.

Wenzetu baada ya Thresher walianzisha mpango unaitwa SUBSAFE, kila kiungio kinachozuia maji kiwe na karatasi yake inayoonyesha nani kakikagua, na nyambizi yenye cheti hicho haijapotea hata moja. Scorpion iliyozama 1968 na watu 99 haikuwa nacho. Sio malaika lakini, nyaraka za uchunguzi wa Thresher wamezikalia zaidi ya miaka 50 mpaka mahakama ilipowabana 2020.

Kwenye kulia sisi tunawazidi, hilo siwafichi. Kumbukumbu yao ni jina, kengele, jina, kengele, watu wamenyooka kama wako benki. Pale Igoma, Mwanza, kwenye makaburi ya MV Bukoba mtu analia mpaka anashikiliwa, na mimi nikifa naomba nililiwe hivyo.

Ila nilivyorudi likizo nikapanda kivuko kimoja, sikitaji, kijana wa daftari kaandika "mama + watoto" akasonga kwa mwingine. Nikamwambia andika majina bwana. Akanitazama, "Kaka, mbona unatutakia mabaya?" Nikamwomba ile kalamu, nikamuuliza yule mama, nikaandika mwenyewe. Watoto walikuwa wanne, mmoja yuko mgongoni wala sikuwa nimemuona.