Winga, chawa na mtani

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, saa nne asubuhi, uone watu wanavyoishi kwa ulimi. Winga hana duka wala mzigo. Kazi yake ni kukudaka njiani, akupeleke kwa mwenye duka, kisha ale cha juu. Hakujui, lakini utaitwa bosi, anko, hata shemeji. Ukirudi mwezi ujao akakumbuka kwamba mwanao anavaa kiatu namba 32, umekwisha.

Wapo wanaosema huo ndio ujuzi ambao vijana wangefundishwa: salimia kwanza, shika jina la mtu, sikiliza kabla ya kutaja bei. Siwapingi. Hata maofisini, anayeingia na "naomba faili langu" bila salamu atakaa benchi mpaka adhuhuri.

Wanaouita unafiki nao wana hoja, tena nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Mji huu umekwisha kumpa jina anayesifia kila neno la mkubwa: chawa. Na chawa anatumia zana zilezile, tabasamu, sifa na sikio. Wengi husema tofauti ni nia. Lakini nia haionekani. Muulize chawa, ataapa kwamba anampenda bosi wake. Mimi natazama kama mtu anathubutu kukukatalia. Winga anayekunong'oneza "bosi, gundi ya hiki haifiki Idi, twende kwingine" amehatarisha cha juu cha leo, na huyo ndiye nitakayempigia simu Januari shule zikifunguliwa.

Ndiyo maana nauhusudu utani, ule wa makabila. Wanyamwezi walioshuka Pwani na misafara hawakupata ndugu Uzaramoni kwa kusifia. Walitukana, wakatukanwa, na mpaka leo mtani anaweza kuvuruga msiba akidai hela, wafiwa wakacheka na machozi yangali mashavuni. (Asiyezoea hudhani ni ugomvi.) Lakini mtani huyohuyo hushika kazi za msiba, kwa hiyo ana haki ya kukusema, nawe huna haki ya kununa.

Kasoro yake ni kwamba utani haubebeki kila mahali. Mwite meneja mpya "mtumwa wangu" siku ya kwanza, uone kama utaimaliza wiki. Kwake itabidi uanze kama winga, na shikamoo na habari za nyumbani, na huenda ikapita miezi kabla hujathubutu kumwambia kwamba hapo amekosea.