Msamaha wa Sindano, Adhabu ya Foleni

Kadi ya manjano, kile cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinachodaiwa mpakani, jamani, ina vituko vyake. Mzima wa afya anachomwa nusu mililita begani, anagongewa muhuri, kwaheri. Mgonjwa ambaye daktari mwenyewe kasema asichomwe ndiye anayetakiwa kujieleza, kuandikiwa na kugongewa, halafu akifika mpakani anaambiwa, "Wewe simama pale." Pale wapi? Pale, karibu na ndoo.

Si kwamba huyo mzima naye anateleza tu. Chanjo ya homa ya manjano mara nyingi huja chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake ni itumike ndani ya saa 6 au imwagwe. Kwa hiyo muuguzi haifungui kwa ajili yako peke yako. Chupa inangoja abiria kama daladala: "Njoo Alhamisi, mkitimia." Alhamisi mnatimia, unachomwa, unashangilia, na tiketi yako ni ya Jumapili. Haya, piga hesabu: kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Hiyo Jumapili umebeba rangi tu.

Halafu kuna mstari wa sahihi ya mwenye kadi, watu wanauruka wakidhani ni wa daktari. Mtoto anasainiwa na mzazi, na ana kadi yake, habebwi kwenye ya mama. Tarehe ni siku, mwezi kwa herufi, mwaka. Pakikosewa usifute wala usipake wino mweupe. Kadi iliyochezewa au iliyoachwa wazi mahali inaweza kukataliwa, dai nyingine. Na ninyi wenye kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10, tulieni: tangu 11 Julai 2016 ni ya maisha, hata iliyotolewa kabla ya hapo. Ila usije ukakata ile tarehe ukaandika "ya maisha" kwa kalamu yako. Ukifanya hivyo umeiua.

Sasa msamaha. Kila mtu anautaka! Presha iliyotulia si sababu. Kisukari peke yake si sababu. Kuogopa sindano, ndugu yangu, si sababu. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, tena kinakuzwa kwenye mayai ya kuku. Kwa hiyo wanaozuiwa ni mtoto chini ya miezi 6, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye ugonjwa wa thaimasi (tezi ya kinga iliyoko kifuani), na mwenye kinga iliyoshuka vibaya: anayeishi na VVU akiwa na CD4 (seli za kinga kwenye damu) chini ya 200, au aliyepandikizwa figo na yuko kwenye dawa za kushusha kinga. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye miaka 60 kwenda juu hawakatazwi moja kwa moja. Daktari anapima hatari ya safari na hatari ya sindano. Na msamaha wa mzio wa mayai usiuombe ukiwa na mafuta ya chipsi mayai kidevuni.

Madaktari nao! Anachana karatasi ya dawa, anaandika "hafai chanjo", basi. Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, za Shirika la Afya Duniani, zinataka sababu iandikwe, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kinaruhusiwa kuongezwa, peke yake hakitoshi, hata kama wewe, daktari na ofisa wa mpakani mmekua nacho wote. Dai karatasi yenye nembo ya kituo, jina kama la pasipoti herufi kwa herufi, tarehe, sahihi, muhuri. Kama kitabu chako cha chanjo kina ukurasa wa kizuizi cha kiafya, nao ujazwe. Usiyetaka ugonjwa wako usomwe kwa sauti mbele ya basi zima, mwombe daktari aandike "severe immunosuppression", yaani kinga iliyoshuka vibaya. Kizuizi kimeelezwa, ugonjwa haukutajwa.

Ukishakuwa na yote hayo, kanuni zinamtaka ofisa aizingatie tu hiyo barua. Kukuruhusu ni hiari yao. Basi anaizingatia mbele, anaizingatia nyuma, anainyanyua kwenye taa, anamwita mwenzake waizingatie wote. Wakati huohuo mwenye kadi ya kishoka, ambaye hajawahi kuiona hata sindano yenyewe, keshapita anatafuta pa kuchaji simu.

Na kuna waliochanjwa kweli wakabaki bila haki ya kadi. Kinshasa mwaka 2016 chanjo ilipokuwa haba, mamilioni walipewa moja ya tano ya dozi, mililita 0.1. Mbu amezuiwa, dirisha la mpakani halikuridhika: kwa safari za kimataifa haihesabiki, msafiri achomwe dozi nzima.

Barua ikikataliwa, na umetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa, wanaweza kukuweka karantini. Isizidi siku 6, na hesabu inaanza siku ya mwisho uliyoweza kuambukizwa, siyo siku uliyofika dirishani. Ukiambiwa lipia kitanda, uliza kwa adabu habari za kifungu cha 40 cha kanuni zilezile: msafiri asiyekuja kuhamia hatozwi. Cha 32 kinataka upewe chakula na maji ya kutosha, mahali pa kulala, na mizigo yako ilindwe. Chai haikutajwa.